Taa Zisizojulikana Angani Usiku: Kutafuta Chanzo kwa Kuanzia Dalili

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayepokea ripoti ya taa angani kutoka kwa jirani, ndugu au mfanyakazi mwenzake jijini Nairobi, na anataka kujua ni kitu gani kilichoonekana. Umepangwa kwa dalili, yaani kwa maneno ambayo mashahidi wenyewe huyatumia, na chini ya kila dalili sababu zimefuatana kuanzia inayotokea sana hadi ile ya nadra. Asiwepo anayedhani kwamba kazi hii ni ya kuwaumbua watu. Mashahidi wengi nilioongea nao waliona kitu cha kweli. Kilichokosewa kwa kawaida ni umbali, ukubwa au saa. Jeshi la Anga la Marekani lilipokusanya ripoti za aina hii kupitia mradi wa Blue Book na miradi iliyoutangulia, kuanzia 1947 hadi 1969, lilipata ripoti 12,618, na zilizobaki bila kutambuliwa zilikuwa 701, ambazo hazifiki asilimia sita. Ukikaa na ripoti za Nairobi kwa muda utaona jinsi hesabu ya namna hiyo inavyopatikana.

Kabla ya dalili yoyote: kagua ripoti yenyewe

Hitilafu ya kwanza huwa ndani ya ripoti, na kwetu hitilafu hiyo ni saa. Shahidi anayesema kwamba aliona taa saa tatu usiku anamaanisha wakati ambao simu yake inaandika 21:00. Kijana anayemwandikia huandika 3:00, na mchunguzi anayeisoma kesho yake hutafuta kilichokuwa angani saa tisa usiku. Tofauti ya saa sita inatosha kuligeuza anga robo nzima ya mzunguko, kiasi kwamba nyota iliyokuwa ikichomoza mashariki sasa iko utosini.

Niliwahi kupoteza siku mbili juu ya ripoti ya bawabu mmoja wa Utawala iliyosema 3:00, taa kubwa nyeupe, imesimama. Nilipompigia simu nikamuuliza, "Mzee, hii saa tatu uliyoandikiwa ni ya usiku mchanga ama ni saa tisa?" Akacheka sana. "Saa tisa mimi huwa nimejifunika blanketi, mwanangu. Hiyo ilikuwa saa tatu kasorobo, nilikuwa nimetoka tu kulipia maziwa." Tukaufungua ujumbe wa M-Pesa wa yale maziwa, nao ukasema 8:47 PM. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa shahidi si "uliona saa ngapi" bali "ulikuwa unafanya nini", kwa sababu malipo ya dukani, nauli ya matatu na simu iliyopigwa huacha saa kamili ambayo kumbukumbu haiwezi kuibishia.

La pili ni upande. Wakazi wengi wa jiji hawatumii kaskazini na kusini katika maneno ya kila siku, na anayelazimishwa kuyataja atakisia. Mwombe shahidi asimame pale pale aliposimama usiku ule, anyooshe mkono kuelekea taa ilipokuwa, kisha ataje kilicho chini ya kidole chake: tangi la maji la jirani, mnara wa simu, Vilima vya Ngong. Ukiwa na alama mbili unaweza kuchora mstari kwenye ramani ya setilaiti na kuupata upande vizuri kuliko dira ya simu, ambayo huyumba kila inapokaribia gari, geti au nondo za ukuta.

La tatu ni urefu kutoka upeo wa macho. Ngumi iliyokunjwa mwishoni mwa mkono ulionyooshwa hufunika takriban nyuzi 10, na kidole cha mwisho hufunika nyuzi 1, ambayo ni mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Shahidi akisema taa ilikuwa "juu kabisa", mwombe apange ngumi moja juu ya nyingine kuanzia kwenye upeo. Mara nyingi hiyo "juu kabisa" huwa ngumi tatu tu, kwa maana macho yetu huipandisha sana nyota iliyo chini. Maelezo ya ukubwa na umbali, kama vile "ilikuwa kubwa kama basi, kilomita mbili hivi", yaandike kwa heshima lakini usiyapigie hesabu yoyote. Hakuna jicho linaloweza kupima umbali wa nukta ya mwanga gizani.

Dalili ya kwanza: "Ilikuwa imesimama tu, inang'aa kuliko nyota zote"

Sababu inayoongoza ni sayari. Zuhura hung'aa kuliko kitu kingine chochote cha usiku isipokuwa mwezi, na kwa vile haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi, huonekana tu upande wa magharibi baada ya jua kutua au upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Kwa Nairobi, ambako jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hii inatupa kanuni rahisi: taa iliyoonekana kati ya saa nne na saa tisa usiku si Zuhura. Huo ndio muda wa kumshuku Mshtarii (sayari ya Jupita), ambaye huweza kukaa angani usiku kucha. Fungua programu ya Stellarium, weka mahali, tarehe na saa uliyoithibitisha, uone kama kuna sayari upande ule. Kwa kuwa jiji hili liko nyuzi moja na ushei tu kusini mwa ikweta, sayari na nyota za magharibi huzama kwa kushuka karibu wima, na ndiyo maana watu wa Karen na Rongai husema kwamba taa "ilitua" nyuma ya Vilima vya Ngong. Ilitua kweli, kama inavyotua kila jioni ya msimu wake. Mwambie shahidi aiangalie tena kesho, saa ile ile.

Sababu ya pili ni ndege inayokuja moja kwa moja kuelekea kwa shahidi. Ndege nyingi zinazotua katika Uwanja wa Jomo Kenyatta hukaribia kutoka kusini-magharibi, zikipita upande wa Rongai na juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwa sababu pepo zetu kwa kawaida hutoka mashariki na ndege hutua zikizielekea. Anayesimama Utawala yuko karibu kabisa kwenye mstari wa barabara hiyo ya kurukia, ng'ambo ya pili. Taa ambazo ndege huwasha ikitua huonekana kutoka umbali wa makumi ya kilomita, na ndege inayoshuka kwa mwendo wa kilomita 260 kwa saa huchukua zaidi ya dakika sita kumaliza kilomita 30. Muda wote huo anayeielekea haioni ikisogea kulia wala kushoto. Anaona nukta nyeupe inayokua polepole, halafu inazama nyuma ya mapaa na kuzimika ghafla. Ndivyo bawabu wetu alivyoeleza, hadi huko kuzimika. Ukirudisha nyuma rekodi za safari kwenye Flightradar24 kwa saa iliyo kwenye ujumbe wa M-Pesa, utaiona ndege yenyewe na pengine nyingine mbili zikiifuata kwenye foleni. Jambo la kuangalia ni kwamba ndege za kijeshi na baadhi ya ndege ndogo hazionekani kwenye ramani hizo, kwa hiyo ramani tupu haithibitishi anga tupu.

Zikiondolewa hizo mbili, hubaki taa nyekundu za tahadhari kwenye maghorofa na minara, ambazo ukungu ukificha jengo huonekana zikielea. Rudi mchana uangalie kama kuna kitu pale. Droni huja mwisho, na shahidi aliye karibu nayo kwa kawaida husikia mvumo wake.

Shahidi akisisitiza kwamba taa iliyosimama "ilikuwa ikicheza", usimbishie. Jicho likikazia nukta moja kwenye giza lisilo na kitu kingine cha kulinganisha, ubongo hupoteza shikizo na nukta huonekana ikitangatanga. Dawa yake ni kuegemeza kichwa ukutani na kuilinganisha taa na ncha ya paa au waya wa stima kwa dakika kumi. Isiposogea kutoka kwenye ncha ile, kilichokuwa kikicheza ni jicho. Ikisogea kwa robo ya ngumi hivi, ni nyota au sayari, kwani dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa.

*Onyo.* Usiimulike taa usiyoijua kwa leza wala kurunzi kali "ili uone kama itajibu". Mwanga wa leza humpofusha rubani kwa muda, na wakati wa kutua ndio wakati mbaya kuliko wote.

Dalili ya pili: "Ilikuwa ikibadilisha rangi, nyekundu, kijani, buluu"

Nyota angavu iliyo chini karibu na upeo hupitisha mwanga wake kwenye hewa nene yenye joto lisilolingana, na hewa hiyo huuvunja mwanga kuwa rangi zinazopishana upesi. Sirius ndiyo mlalamikiwa mkuu: mwanzoni mwa Desemba huchomoza mashariki baada kidogo ya saa mbili usiku, ikiwaka kama taa ya ambulensi. Suheli, nyota ambayo mabaharia wa pwani waliitumia kuujua upande wa kusini, huileta dalili hiyo hiyo ikiwa chini kusini. Zipe saa mbili zipande. Zikishafika ngumi mbili au tatu, rangi hutulia na shahidi hukiri mwenyewe.

Rangi zinazotembea ni habari nyingine. Ndege huwa na taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, ya kijani kwenye bawa la kulia, na nyeupe zinazomemeteka kwa mpigo maalumu. Ikiwa sauti haikusikika, kumbuka kwamba kelele za Thika Road zinaweza kuimeza sauti ya ndege iliyo kilomita kadhaa juu. Droni nazo zina taa za rangi hizo hizo, huweza kusimama hewani na kugeuka ghafla. Kisheria kurusha droni nchini kunahitaji idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege. Ikirushwa juu ya nyumba za watu usiku, kazi ya mchunguzi imeishia hapo na ni ya polisi. Usiitupie mawe.

Dalili ya tatu: "Nyota nyingi zimejipanga mstari, zinafuatana"

Hili halihitaji maneno mengi. Ni setilaiti za Starlink zilizorushwa siku chache kabla, na tangu kundi la kwanza la 60 lilipopaa Mei 2019 zimewatoa watu nje ya nyumba katika kila pembe ya dunia. Huonekana katika saa moja na nusu hivi baada ya jua kutua au kabla halijachomoza, wakati sisi tuko gizani nazo zingali juani. Tovuti ya Heavens-Above hutoa ratiba ya kupita kwake kwa mahali utakapochagua. Mstari ulioonekana saa sita usiku, kwa hiyo, si wao, na hapo urudi kwenye foleni ya ndege.

Dalili ya nne: "Ilipita, halafu ikapotea katikati ya anga"

Uliza ilichukua muda gani, na usikubali jibu la "kidogo tu". Mwombe shahidi aionyeshe safari yake kwa kidole huku wewe ukihesabu kimoyomoyo.

Ikiwa ilichukua dakika mbili hadi sita, haikumemeteka, na ikafifia bila kufika upeoni, ilikuwa setilaiti iliyoingia kwenye kivuli cha dunia. Kubwa kuliko zote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilicho takriban kilomita 400 juu yetu na ambacho huizunguka dunia kwa dakika 90 na ushei. Ikiwa ilichukua sekunde moja au mbili, ilikuwa kimondo. Mvua ya vimondo vya Geminidi ya katikati ya Desemba huonekana vizuri kutoka Nairobi mawingu yakiruhusu. Ikiwa ilichukua nusu dakika au zaidi, ikivuta mkia na kumeguka vipande vinavyokwenda pamoja, kuna uwezekano mkubwa wa kuwa ni mabaki ya roketi au setilaiti yanayoungua yakirudi, na hapo tafuta mashahidi wa kaunti za mbali, kwa maana kitu cha namna hiyo huonekana kutoka Nakuru hadi Machakos kwa wakati mmoja.

*Simama hapa ikiwa kuna kitu kilichoanguka.* Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaichukua baada ya kueleza kwamba ilikuwa kipande cha roketi. Haikumwumiza mtu. Hata hivyo vipande vya roketi huweza kuwa na mabaki ya fueli yenye sumu, matangi yenye shinikizo au kingo za kukata. Usikiguse, usikipige picha ukiwa umekikaribia, wazuie watoto, na uite polisi kwa 999 au 112. Vimondo vyenyewe huanguka pia, kama kile kilichoanguka eneo la Thika Julai 2011. Jiwe jeusi la ajabu halina hatari kubwa, lakini thamani yake kwa wanasayansi hupungua kila linapooshwa au kuvunjwa.

Dalili ya tano: "Zilikuwa za rangi ya chungwa, zikipaa taratibu bila sauti"

Ni taa za karatasi zenye mshumaa ndani, zinazorushwa kwenye harusi, kumbukumbu za wafu na usiku wa mwaka mpya. Zote hufuata upepo kuelekea upande mmoja na kuzimika moja moja baada ya dakika chache. Angalia rekodi ya upepo wa saa ile, kisha uulize kama kulikuwa na sherehe upande zilikotoka. Zikishuka zingali zinawaka kwenye mtaa wa nyumba za mbao na mabati, acha uchunguzi na uwapigie zimamoto.

Dalili ya sita: "Anga lote liliwaka" au "kuna duara la mwanga linazunguka mawinguni"

Duara linalozunguka kwa mpigo ule ule usiochoka ni taa ya kumulika ya ukumbi wa starehe au ya uzinduzi wa duka. Ripoti zake huongezeka Juni hadi Agosti, mawingu ya baridi yanapokaa chini na kuwa kama shuka la kuonyeshea picha. Ukilifuata duara hilo kwa gari utafika kwenye spika za muziki.

Mwako wa mara moja bila ngurumo, hasa Aprili na Novemba, kwa kawaida ni radi ya mbali. Ngurumo haisikiki sana kupita kilomita 15 au 20, ilhali mwanga wa dhoruba iliyo Ukambani huonekana ukiwa Westlands. Picha za setilaiti za mawingu zitakuonyesha dhoruba yenyewe. Mwako wa buluu au kijani uliofuatwa na kupotea kwa stima ni hitilafu ya transfoma au nyaya zilizogusana. *Hapo usiende kutazama.* Waya ulioanguka huweza kuwa na umeme hata mtaa ukiwa gizani; kaa angalau mita 10 mbali na upige simu ya dharura ya kampuni ya umeme.

Dalili ya saba: "Kwa macho sikuiona, lakini iko kwenye picha"

Omba faili ya asili, isiyopitia WhatsApp, ambayo hubana picha na kufuta taarifa zake za saa na mahali. Kisha tafuta taa kali ndani ya picha. Hapa kwetu huwa ni ile taa ya mlingoti ya mitaani tunayoiita mulika mwizi: mwanga wake hujigonga ndani ya lenzi na kutoa nukta hafifu za kijani au buluu upande wa pili wa picha. Chora mstari kutoka kwenye taa upitie katikati ya picha. Ukiangukia kwenye "chombo", umekwisha kukipata. Ikiwa ni video, angalia kama nukta husogea kila mkono unapotikisika.

Diski inayotetemeka, yenye kingo na mistari ndani yake, ni nyota au taa ya kawaida iliyovutwa karibu kupita uwezo wa simu, huku kamera ikitafuta mahali pa kutulia isipate. Mpe shahidi simu ile ile aipige picha Zuhura au taa ya mnara kwa kiwango kile kile cha kuvuta. Jaribio hili la dakika moja limemaliza mabishano mengi kuliko maelezo yangu yote.

Dalili ya nane: "Naiona mimi peke yangu, na inahama ninapogeuza macho"

*Huyu si wa kuchunguziwa anga.* Cheche za mwanga pembeni mwa jicho, zikiandamana na vidoa vyeusi vinavyoelea au kivuli kama pazia, huweza kuwa dalili kwamba retina, utando wa nyuma ya jicho, unabanduka. Apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa kunaweza kugharimu uwezo wa kuona. Mistari ya mwanga iliyopinda-pinda inayodumu kama nusu saa na kufuatwa na maumivu ya kichwa mara nyingi ni kipandauso, ambacho nacho kinahitaji daktari kikitokea kwa mara ya kwanza.

Ripoti isiyoingia popote

Ufaransa ina kitengo cha kiserikali cha kazi hii, GEIPAN, kilichoundwa mwaka 1977 ndani ya shirika lake la anga za juu, nacho huzipanga ripoti katika makundi manne: A ni iliyotambuliwa bila shaka, B ni iliyotambuliwa kwa uwezekano mkubwa, C ni isiyo na taarifa za kutosha, na D ni iliyobaki bila maelezo hata baada ya kuchunguzwa ikiwa na taarifa za kutosha. Ninatumia mpango huo huo kwenye daftari langu, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni watu kuiita ripoti ya C kuwa ni ya D. Shahidi mmoja, asiyekumbuka tarehe, asiye na alama ya upande wala picha, ni wa C, hata kama anasimulia kwa ufasaha kiasi gani.

Ninayo ripoti ya aina hiyo kutoka Kasarani: taa nyekundu, kimya, upande wa mlima, "wiki ile ya mvua". Nimeijaribu kwa ndege, minara na droni, na kila kimoja kinatosha nusu. Sijaifunga wala kuipandisha daraja. Nimeiacha na namba ya jirani aliyesemekana kuwa nje usiku ule akisubiri fundi wa stima, na nikipata kuongea naye, nitaanza kwa kumwomba aniangalizie alimlipa fundi saa ngapi.